Baba Kabaki Gatini

Kwa nyinyi ambao wiki iliyopita mlikosa nafasi ya kunicheka, kwa ufupi ni hivi.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo ya picha za pasipoti, yenye kiti kimoja, shuka jeupe ukutani na mashine ya laminesheni, ile ya kufunika karatasi kwa plastiki ngumu. Mtaani wananiita Mzee Picha. Binti yetu anasuka nywele za wageni kwenye meli ya kitalii, na huko huko melini kampata mwokaji mikate, wamependana, wanaoana. Ndoa inafungwa melini mbele ya nahodha. Mimi nimetakiwa nimshike bibi harusi mkono, nitembee naye hadi mbele, nimkabidhi kwa mwokaji wake.

Nikisema binti yetu, mnielewe. Ni wa mke wangu na mume wake wa kwanza, bwana mmoja anayeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kichwa wazi. Kofia aliondoka mtoto akiwa bado anatambaa. Mimi nilimkuta anaanza kusimama dede, nikampa kidole, akakishika. Tangu hapo hakuna mwanamume mwingine aliyeitwa baba katika nyumba ile. Kwa hiyo habari ya kumshika mkono haikuwa mchezo kwangu.

Basi. Wiki iliyopita mliniacha kwenye foleni ya bandarini, nimevaa suti ya kijani iliyotakiwa kuwa ya kijivu, mke wangu pembeni, begi jipya miguuni. Mbele yetu, vichwa vichache tu, nikaona kofia.

"Ulijua?" nikamuuliza mke wangu.

"Kujua nini?"

"Kwamba na huyu anakuja."

"Mtoto ndiye kamwalika. Kasema atakaa nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma huko, na wageni wengine. Si wewe ndiye unayemshika mkono? Unataka nini tena?"

Nikatulia. Nyuma ni mahali pazuri sana pa kumweka Kofia. Nikaanza hata kumhurumia, kwa ule ukarimu wa mtu anayejua kwamba ameshashinda.

Kofia akageuka. "Habari za leo, Mzee Picha."

"Nzuri. Naona umepiga kofia mpya."

"Ni ile ile."

"Basi leo umeifua."

Mke wangu akanifinya ubavuni. Kofia akatabasamu na kugeukia mbele. Yule bwana ana ubaya mmoja, hakasiriki, na mtu asiyekasirika anakunyima raha ya kumchokoza.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu mkasa wote wa leo ulianzia kwenye kiti changu cha studio.

Kofia alikuja kupiga picha kabla ya safari, wakati ambao mimi nilikuwa sijui kama naye kaalikwa. Alitaka picha za pasipoti. Nikamwambia avue kofia. Akaangalia mlango, akaangalia dirisha, akavua. Nikachukua muda wangu mrefu kutengeneza taa, kusudi kile kipara kipate hewa. Nikampiga picha kadhaa na kumchapishia ile mbaya kuliko zote, ambayo jicho moja lilikuwa linataka kulala.

"Ya zamani imeisha?" nikamuuliza.

"Haijaisha. Inaisha mwaka ujao mwanzoni."

"Sasa unabadilisha ya nini?"

"Nimeambiwa ukisafiri nje ya nchi, pasipoti lazima ibaki na miezi sita baada ya siku ya kurudi. Ikiwa pungufu wanakuzuia."

Nilicheka hadi mteja aliyekuwa anasubiri akacheka naye bila kujua anacheka nini. "Kofia, kwani pasipoti ni maziwa? Maziwa ndiyo yanaanza kuchacha kabla ya siku yake. Pasipoti imeandikwa siku ya kuisha, inaisha siku hiyo. Wamekuona mjinga, wamekula hela zako."

"Inawezekana," akasema. Alipofika mlangoni akavaa kofia yake, akageuka. "Na ya kwako umeitazama?"

"Bwana, mtaa mzima huu umekaa kwenye kiti hicho. Wewe ndiye utakayenifundisha mimi pasipoti?"

Ule utani wa maziwa ulinikolea. Niliuweka kwenye mazungumzo yote. Nilimwambia fundi cherehani, nilimwambia daktari wa zahanati, nilimwambia mwalimu mkuu alipokuja na wajukuu zake. Binti aliponipigia simu akitaka niangalie tarehe, na yeye nikampa maziwa yake.

Haya, turudi kwenye foleni.

Kofia alifika kaunta, akatoa pasipoti yake mpya, dada wa kaunta akaiweka kwenye kisomeo, kile kimashine cha kusoma pasipoti, kikalia, akarudishiwa. "Safari njema, mzee wangu." Hakuwa hata ameshusha begi chini.

Mke wangu akafuata. Ya kwake ndiyo ya kwanza maishani, ilikuwa bado inanuka kiwanda. Kisomeo kikalia.

Nikasogea mimi. Nikaingiza mkono mfuko wa kifuani, nikaitoa polepole ili walio nyuma waione. Pasipoti yangu niliichukua miaka ile chama chetu cha wapiga picha kilipotangaza mkutano wa nje ya nchi. Mkutano haukufanyika, aliyesafiri ni mweka hazina peke yake. Lakini mimi pasipoti nilibaki nayo, nikaipenda. Na nikipenda kitu nakitia plastiki. Cheti cha ndoa nimekitia plastiki. Picha ya binti siku ya kwanza ya shule nimeitia plastiki. Mke wangu husema ipo siku atasinzia vibaya, aamke ameshapita kwenye mashine.

Ule ukurasa wa picha, wenye jina na uso wangu, niliutia plastiki nene kuliko yote.

Dada akaufungua. Ukajifunga wenyewe. Akaufungua tena na kuukandamiza kwa kidole, akaweka kwenye kisomeo. Kikanyamaza. Akaufuta kwa kitambaa, akaweka tena. Kikanyamaza vile vile.

"Baba, hii imefanywaje?"

"Nimeihifadhi."

"Haisomeki."

"Isome kwa macho, dada. Maandishi si yapo?"

Akaisoma kwa macho. Ningejua atakachokiona ningemwachia abishane na kisomeo.

"Baba, hii inaisha baada ya miezi minne."

"Sawasawa. Na safari ni ya wiki mbili. Inabaki."

"Inatakiwa ibaki miezi sita baada ya kurudi."

"Mimi sihami, dada. Naenda harusini."

"Ni masharti ya nchi tunazopita."

"Basi huko sishuki. Nitakaa humo humo ndani, nile, nimkabidhi mtoto, nirudi. Ardhi yao siikanyagi."

"Hata usiposhuka, baba. Meli ikiingia na mtu asiyetimiza masharti, meli ndiyo inapigwa faini. Hawawezi kukupandisha."

Mama mmoja nyuma yangu akavuta pumzi. "Jamani, mbona imeandikwa kwenye tiketi?"

Imeandikwa kweli. Lakini mimi tiketi nilipoipata niliitia plastiki, nikaiweka kwenye fremu ya mbao, nikaitundika studio juu ya kioo ili kila mteja aitazame anapochana nywele. Masharti yalikuwa chini kabisa, kwenye mistari iliyomezwa na ubao wa fremu. Watu wote wamesoma jina langu na jina la meli. Masharti hakuyasoma mtu.

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama chungu kilichoungua huku mgeni yuko sebuleni.

"Maziwa," akasema.



Simu yangu ikalia. Kwa taarifa yenu, simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji mwaka jana, na tangu hapo sikioni haisikiki. Anayenipigia lazima nimweke kwenye spika, na kila aliye karibu anafaidi.

"Baba, mmefika wapi? Niko juu hapa nawatafuta."

Nikainua macho. Juu kabisa, kwenye kingo za meli, mtu mdogo mwenye sare nyeupe alikuwa anapunga mkono. Nikampungia. Suti ya kijani ilisaidia, aliniona mara moja.

"Nimekuona, baba. Hiyo rangi gani?"

"Tuyaache hayo. Mwanangu, kuna kitu kidogo hapa."

"Kidogo kiasi gani?"

"Pasipoti."

Foleni nzima ikasogeza masikio, ikisubiri kwa heshima kabisa.

"Baba, nilikwambia uangalie."

"Uliniambia."

"Ukaniambia pasipoti si maziwa."

Mtu mmoja kule nyuma akakohoa kuficha kicheko. Nilimsamehe, maana ningekuwa mimi nisingejisumbua kukohoa.

"Sasa nani atanishika mkono?" binti akauliza.

Nilikuwa nimekwisha kufanya mazoezi ya kutembea kwa hatua za harusi kwenye korido ya nyumbani, mto ukiwa ndio bibi harusi. Nikatazama chini nisimwone mtu, na nilipotazama chini nikaona viatu vya Kofia. Alikuwa hajaondoka. Amesimama upande wa pili wa kamba, upande wa waliopita, na pasipoti yake mkononi.

Hakusema chochote. Na ndicho kilichonichoma. Angesema neno moja tu, ningemrukia pale pale, suti ichanike, tumalize.

Mke wangu akachukua simu. "Mama, mimi napanda. Usilie, utaharibu uso. Baba yako anakwenda uhamiaji sasa hivi." Akanirudishia simu na kunishika kola, kama vile ananitengeneza tai. "Meli inaondoka jioni. Pale uhamiaji wanatoa za dharura, siku hiyo hiyo, ukiwa na sababu. Wewe unayo. Nenda ukaombe. Usiende kufundisha watu kazi yao."

"Unaniacha?"

"Ulitaka mtoto aolewe bila hata mmoja?"

Akachukua begi jipya, lile lenye viatu vyangu vya harusi ndani, akapita upande wa pili wa kamba. Kofia akampokea begi. Nikawaona wanapanda ngazi, yeye mbele, Kofia nyuma na begi langu, na dada wa kaunta akaniomba nisogee kidogo niwapishe wenzangu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baba mlezi gatini, baba mzazi ngazini.

Ofisi ya uhamiaji ina viti vya chuma vilivyofungwa pamoja, ukikaa wewe anayumba mwenzako wa mwisho. Nilikaa nikayumbishwa hadi zamu yangu ikafika. Dirishani alikuwepo afisa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani.

Nikakumbuka maneno ya mke wangu. Nikainama. Nikaeleza yote, meli, binti, mwokaji, nahodha. Nikaongeza na machozi kidogo, ambayo kwa bahati mbaya yalikuwa ya kweli.

Afisa akanisikiliza. Akavaa miwani yake. "Wewe si Mzee Picha?"

Nikanyanyua shingo kidogo. "Ndiye mimi."

"Wewe ndiye unayetuletea zile picha zenye vivuli nyuma ya masikio?"

Nikaishusha shingo.

"Miaka yote tunawarudisha watu kwa ajili yako," akasema. "Hawakwambii?"

Hawaniambii. Wanarudi kwangu wakisema uhamiaji wana roho mbaya, nami nawapiga tena, vivuli vile vile, nalipwa mara ya pili. Nilidhani ni biashara nzuri.

"Haya, leta picha yako. Ya sasa, uso wako wa leo."

Sikuwa nayo. Mpiga picha wa mtaa mzima sikuwa na picha yangu hata moja yenye uso wa karibuni. Ile ya kwenye pasipoti nilikuwa na nywele nyeusi na mashavu. Nikatoka nje mbio, kwa mama mmoja mwenye kibanda mkabala na geti, yule ambaye nimekuwa nikimwita mpiga picha wa chupi kwa sababu anaanika nguo zake kwenye kamba ile ile inayoshika shuka la nyuma.

"Karibu, mwenzangu," akasema. Hakuuliza kitu. Akanikalisha. "Kidevu juu. Usitabasamu."

"Sina mpango."

Picha ikatoka safi. Haikuwa na kivuli hata chembe. Nilionekana kama mtu aliyekamatwa akiwa anaingia dirishani kwa watu, lakini hilo halikuwa kosa lake.

Nikarudi kwa afisa. Akaipokea picha, akaipenda. Akachukua fomu, akaanza kuandika, na mimi nikaanza kupumua. Kisha akafungua pasipoti yangu ya zamani.

Ikajifunga.

Akaifungua tena na kuitazama kwa pembeni, akaigonga mezani. Ilitoa sauti ya sahani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Isiharibike."

"Ndiyo umeiharibu, mzee. Hii sasa si pasipoti iliyoisha muda, ni pasipoti iliyoharibiwa. Ingekuwa inaisha tu, ningekubadilishia nikitazama picha. Hii siwezi kuisoma. Sina hakika kama wewe ndiye wewe."

"Mama, si umeniita jina langu mwenyewe hapa hapa?"

"Nimekuita la mtaani."

Hapo alikuwa sahihi. Akaona uso wangu, akalegea kidogo.

"Tafuta mdhamini. Mtu anayekujua kwa miaka mingi, awe na pasipoti iliyo hai, asiwe ndugu yako wala mke wako. Aje hapa kabla sijafunga dirisha, asaini mbele yangu kwamba wewe ndiye wewe. Akisaini, nakutolea leo, unaiwahi meli. Asipokuja, tuonane wiki ijayo."

Wiki ijayo binti yangu atakuwa mke wa mtu.

Nikatoka kwenye korido, nikaanza kupiga simu. Nikaanza na fundi cherehani, ambaye kwanza nilikuwa bado nina ugomvi naye wa ile suti.

"Una pasipoti?"

"Nina picha za pasipoti," akasema. "Ulinipiga wewe. Wananikataa kila mara, wanasema nina kivuli."

Nikampigia daktari wa zahanati. Huyu husafiri kweli, nikawa na matumaini.

"Nilikuwa nayo, Mzee Picha. Ilikuwa inakaribia kuisha, nikataka kubadilisha. Si ukaniambia siyo maziwa? Nikaiacha. Imeisha."

Mwalimu mkuu ndiyo usiseme. Alikuwa na safari ya kwenda kumwona dada yake, akazuiwa uwanja wa ndege na wajukuu wote, kwa hiyo hiyo miezi sita. Alikuwa akinitafuta. Alinieleza alichokuwa anataka kuniambia akinipata, na kwa kuwa nilikuwa kwenye spika, korido nzima ikaelimika.

Nikakata simu. Nikaegemea ukuta. Mtaa mzima niliukalisha kwenye kiti changu, na hakuna hata mmoja aliyesimama akiwa na pasipoti inayofaa. Isipokuwa mmoja. Na huyo mmoja alikuwa melini, na begi langu.

Naona mmeshaanza kutabasamu. Subirini.

Niliisikia hatua yake kabla sijamwona. Anatembea kwa kuburuza mguu mmoja kidogo, tangu ujanani, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikimwigiza ule mguu ili kuwachekesha watu. Nikageuka. Alikuwa anakuja koridoni, jasho linamtoka, hana begi.

"Umefuata nini?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimeshapanda. Nikashuka."

"Kakutuma mke wangu?"

"Kanituma mtoto. Mama yake alipiga simu uhamiaji kuulizia habari zako, akaelezwa habari ya mdhamini. Mtoto akaja hadi mahali nilipokaa." Akajifuta jasho. "Kasema, Mzee Kofia, wewe si una pasipoti nzima? Kamsaidie baba."

Akalitamka lile neno baba taratibu, akalipita.

"Mzee Kofia," nikasema.

"Ndivyo anavyoniita. Kama anavyomwita muuza duka."

Nilitakiwa nifurahi. Nimengojea miaka mingi kumsikia Kofia akikiri kitu kama hicho kwa mdomo wake. Furaha niliitafuta, sikuiona. Nikamwonyesha dirisha, tukaenda.

Afisa akaipokea pasipoti ya Kofia. Ikafunguka vizuri, ikalala mezani wazi. Pale kwenye picha, lile jicho lake la kusinzia likanitazama. Afisa akaitazama picha, akamtazama Kofia.

"Hii kapiga nani?"

"Yeye," Kofia akasema.

"Vivuli," afisa akasema, akaandika. "Tulikuwa na kazi ya kuikubali hii. Haya. Wewe ni ndugu wa mwombaji?"

"Hapana."

"Rafiki?"

Kofia akafikiri. "Hapana."

"Sasa mnafahamianaje?"

Nikataka nijibu mimi. Nina majibu mengi kuhusu Kofia, nimeyatumia kwenye vikao vya harusi na vya msiba. Kofia akavua kofia yake, bila kuambiwa na mtu, mbele ya korido nzima, akaishika kifuani.

"Amenilelea mtoto," akasema.

Afisa akaacha kuandika. Akatazama huku, akatazama kule. Kisha akasukuma karatasi kupitia tundu la dirisha, na kalamu juu yake.

"Saini hapa chini. Na mfanye haraka, nafunga."

Kofia akachukua kalamu. Akainama. Nikaiona ncha inashuka, inakaribia karatasi, inasimama.

"Nina ombi," akasema, hakuniangalia.

Nilijua tu. Mtu hashuki melini bure.

"Sema."

"Nafasi yako siitaki. Mkono umshike wewe, ni haki yako. Mimi nitakaa nyuma kama nilivyopangiwa. Nataka aniite baba. Mara moja. Mbele ya watu, nisikie na mimi, halafu basi."

"Hilo si la kwangu kutoa, Kofia."

"Najua."

"Kamwombe mwenyewe."

"Nikimwomba mimi hatanipa. Ukimwambia wewe atafanya, anakusikiliza wewe." Akaniangalia sasa. Kile kipara kilikuwa kinang'aa chini ya taa, na sikuona cha kuchekesha. "Niambie utamwambia. Nikisikia kauli yako nasaini."

Mkitaka kujua nilichohisi, nilihisi wivu. Si huruma, msinipambe. Neno lile nililipata kwa kukesha na homa zake, kwa kumbeba begani wakati mvua inanyesha, kwa kusukwa na yeye hizi nywele zangu chache alipokuwa anajifunza kazi. Huyu analitaka kwa saini moja. Na bila saini yake, mimi mwenye neno nabaki gatini, na binti anatembea peke yake mpaka mbele.

Afisa akashika shata ya dirisha, akaivuta ikashuka nusu. "Wazee, saini au wiki ijayo."

Simu yangu ikalia mfukoni. Nikaibonyeza, ikaingia kwenye spika kama kawaida yake. Upepo wa baharini ukajaa korido nzima, na nyuma yake honi ya meli, ndefu.

"Baba?"

"Naam," tukaitika wote wawili.

Na kalamu ya Kofia ilikuwa bado haijagusa karatasi; yaliyofuata, wiki ijayo.